Sikio la Verlin

Verlin hasikii tena injini yake.
Miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha giaboksi, Kokomo,
ilimng'ata masikio ikipuliza, kama panya.
Kwa hiyo hushika bisibisi ndefu,
ncha kwenye kifuniko cha valvu, mpini kwenye taya,
akafumba macho. Husikia kwa mfupa.
"Ziko sawa," huniambia,
kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto.

Nova ya mwaka sabini, rangi ya haradali.
Jumatatu hadi Alhamisi hunipeleka hospitali, zamu ya usiku.
Ijumaa hukimbia robo maili.
Gari moja, ndoa mbili.

Tapeti zake zilikuwa ngumu,
chuma kitupu chenye kigurudumu mguuni,
bila oili tumboni ya kuziba mwanya.
Na mwanya lazima uwepo: elfu kumi na sita za inchi,
unene wa kadi ya mwaliko wa harusi.
Kila Jumapili ya pili, majirani wakiwa kanisani,
alifungua, akapima, akafunga,
vidole vimeungua.
Na kila alfajiri, tiki tiki tiki tiki,
kama mtu anayepiga taipu barua ya kunishtaki.

Odell Burchett, anayechonga vichwa vya injini
nyuma ya duka la mbegu,
hataki kusikia habari ya tapeti za oili.
"Zinalegea. Ukipita mizunguko elfu sita na mia tano
valvu inaelea, unabaki na kelele bila mwendo.
Ngumu haidanganyi."

Haidanganyi, kweli. Wala haisamehe.
Kwenye taa nyekundu, injini ikisinzia,
oili inayorukia vile vigurudumu ni haba,
na sindano zilizo ndani, nyembamba kuliko mchele,
huzunguka karibu kavu,
zikingoja kijani pamoja nasi.

Februari, saa tano usiku, barabara ya Markland,
theluji chafu kando ya njia.
Nilisikia tiki moja imechelewa.
Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mgonjwa wa kitanda cha nne
anayeruka pumzi moja
akidhani muuguzi ametoka.
Nikampiga bega. Akausoma mdomo wangu:
Zima. Zima, Verlin, sasa hivi.
Husemwa sikio halipiti kichwa.
Usiku ule lilipita.

Sindano tatu zilikuwa unga.
Maili mbili zaidi, alisema Odell bila kunitazama,
na kigurudumu kingepasuka, kikala kila kitu.
Verlin akailaza tapeti kwenye meza ya jikoni, juu ya taulo,
na kandoye karatasi mbili za bei:
ngumu mpya, zenye tundu la kufikisha oili hadi kwenye sindano;
au za oili, na kemshafti yake, na springi za upole,
na kuziaga sehemu mbili za kumi za sekunde.
"Amua wewe," akasema. "Wewe ndiye unayesikia."

Nilienda kazini kwa basi wiki mbili.
Halafu, asubuhi moja, viatu vya kazi bado mguuni,
niliikunja karatasi ya ngumu mara nne
nikaisukuma chini ya mguu wa meza unaocheza,
pale penye mwanya.
Akaelewa.

Odell hajatusalimia tangu Pasaka.
Kijana mmoja wa Logansport, mwenye Mustangi ya kuazima,
ameshatuacha nyuma mara tatu.
Alfajiri Nova huwaka, hunguruma, huondoka,
nami najikuta macho, nikiitafuta ile barua ya mashtaka
iliyokuwa ikinilaza.

Jana nilimkuta amekaa mbele ya injini,
bisibisi kwenye taya, uso umekunjamana.
Nikaandika kwenye vumbi la kioo: Inasema nini?
Akafikiri sana.
"Sijui," akasema. "Haijanizoea."
Akanipa bisibisi.

Niliweka mpini kwenye taya langu.
Baridi kwanza.
Kisha, mbali kabisa, oili ikipita.